Nimemaliza diploma ya radiografia Kampala: chuo, mashine iliyokufa, na hospitali zilizonifundisha kazi

Miaka mitatu, mihula sita, nimemaliza. Tangu nimalize watu wa kwetu Busia wananiuliza swali hilohilo, kozi ni nzuri ama, nimpeleke mtoto ama nimwache asomee unesi, na kwa simu inakuwa ndefu kila mara naanza mwanzo, basi naandika yote hapa. Jina la chuo sitalitaja. Ni cha praiveti, kiko Kampala, na kuna mengine nitasema ambayo hawatayapenda, sitaki kuvutana na mtu. Lakini kozi yenyewe nitaisema wazi kwa sababu naipenda na nimeilipia.

Kwanza tuelewane, radiografa ndiye anayekupiga picha, ule mtu anayekupanga mezani, anakwambia usipumue, anaenda nyuma ya kioo na kubonyeza. Anayesoma picha na kuandika ripoti ni radiolojisti, huyo ni daktari aliyeongeza masomo. Kwetu watu wanachanganya sana na wengine wanaingia kozi wakidhani watakuwa wanasoma picha, wakifika mwaka wa pili wanavunjika moyo. Ukweli utafundishwa kuiangalia picha na kujua hapa kuna shida, hasa usiku ambapo daktari wa picha hayupo na msaidizi wa tabibu anakuuliza hebu nambie hii imevunjika ama, lakini kazi yako kubwa ni picha itoke nzuri mara ya kwanza bila kumwongezea mtu mionzi ya bure. Hiyo ndiyo kozi yote ukiikamua.

Mi nilitoka S.6 (kidato cha sita) na PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Fizikia hapa haikwepeki, kama ulikuwa unaipita kwa kukariri tu jipime kwanza, maana mwaka wa kwanza wote ni fizikia ya mionzi na anatomia, mifupa 206 yote na vishimo vyake na vinundu vyake, kila kinundu kina jina na kila jina utaulizwa.

Na kwa fizikia chuo changu nakipa alama zote, sitaki kuwanyima haki. Tulikuwa na mwalimu mzee, amestaafu serikalini, anakuja na begi lake la ngozi na chaki zake mwenyewe. Siku ya kwanza hakutupa noti. Alituambia habari ya tarehe 8 Novemba 1895 kule Würzburg, Röntgen yuko kwenye maabara gizani anaona skrini inang'aa na bomba lake limefunikwa, hajui ni nini ndo maana akaiita X, halafu wiki chache baadaye akapiga mkono wa mke wake, mifupa inaonekana na pete kidoleni. Sote tukafurahi. Ndipo akatuambia kwamba watu wa mwanzo hawakujua hii kitu inaunguza, walikuwa wanajaribu mashine kwa mikono yao wenyewe kila asubuhi, na kuna waliokatwa vidole, kuna waliokufa. Darasa likanyamaza. Mpaka leo nikiwa peke yangu kwenye chumba cha eksirei naisikia sauti yake.

Kitu kingine alichofanya, alizima taa, akatoboa tundu la mraba kwenye boksi, akaweka tochi nyuma yake, akamulika ukutani toka mita moja. Mwenzetu akachora ule mraba wa mwanga kwa chaki. Akarudi nyuma hadi mita mbili toka ukutani. Mraba ukawa mkubwa mara nne na mwanga umefifia. Akasema sasa nyie mkiwa wodini na mashine ya magurudumu, hakuna ukuta wa kujificha, rudini nyuma, ukiongeza umbali mara mbili mionzi inayokufikia inabaki robo, miguu yenu ndiyo aproni ya kwanza ya kuzuia mionzi. Mimi fomula ya ile sheria ya umbali nilishaijua toka sekondari na sikuwahi kuielewa hadi siku hiyo.

Sasa mashine.

Siku ya kuripoti walitutembeza, wakatuonyesha chumba cha eksirei cha chuo, meza ipo, stendi ya ukutani ipo, tyubu inaning'inia, kila kitu kimefunikwa shuka safi. Nilipiga picha nikamtumia mama, mama akawaonyesha mashangazi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema hebu iwasheni. Katikati ya muhula wa kwanza ndo tukajua tyubu ilikufa siku nyingi, kinachowaka ni ile taa ya kolimeta tu, ile inayokuonyesha mionzi itaangukia wapi. Tukaambiwa fundi anakuja. Mwaka wa pili fundi anakuja. Mpaka namaliza fundi hajafika.

Lakini nataka niwe mkweli hapa maana wazazi wakisikia mashine imekufa wanadhani hatukusoma kabisa. Kwa kupanga mgonjwa mashine iliyokufa inatosha. Hakuna mtu mwenye akili atakayekuruhusu umpige mwenzako mionzi ya kujifunzia, hilo haliruhusiwi popote, kwa hiyo hata chuo chenye mashine nzima mnapangana tu, mnalala mezani kwa zamu, huyu mkono, huyu goti, huyu shingo kwa pembeni, unawasha taa unaweka msalaba mahali pake na hapo ndo mwisho. Tulifanya hivyo mpaka nikawa naota mikao. Skafoidi, kile kimfupa kidogo cha kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, nilikipanga kwa wenzangu labda mara mia.

Shida ni ile sehemu ya pili, namba za kuweka kwenye mashine. kV inaamua mionzi inapenya kwa nguvu gani, mAs inaamua ni mingi kiasi gani, na hizo mbili hazijifunzwi kwa karatasi. Sisi tulipewa jedwali tukalikariri, kifua hivi, kiuno hivi, goti hivi. Jedwali halijui kama mgonjwa ni mzee mnene wa kilo mia ama ni msichana mwembamba aliyemalizwa na TB. Chuo chenye mashine hai kinakuwa na fantomu, mfano wa mwili wenye mifupa ndani, unapiga, unabadilisha namba, unapiga tena, unaona tofauti kwa macho yako na hakuna anayeumia. Sisi hatukuwa nayo. Nilikuja kuyaona hayo kwenye praktiko ya pili, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, supavaiza alichukua ndoo ya plastiki akajaza maji, akaweka chini ya tyubu, akasema maji na nyama mionzi inayaona karibu sawa, haya pigeni. Ndoo ya maji jamani. Chuo kilishindwa mashine hai na ndoo ya maji miaka miwili.

Na msidhani kompyuta inaokoa. Zamani ya filamu ukizidisha mionzi picha inatoka nyeusi tii, kosa lako kila mtu analiona. Hizi za kidijitali zinaficha, kompyuta inaisawazisha, picha inatoka nzuri kabisa na mgonjwa amekula mionzi mara mbili ya ile aliyohitaji na hakuna aliyejua. Kuna namba inatokea pembeni ya picha ya kukuonyesha kama umezidisha, na sisi hatukufundishwa kuiangalia mpaka tulipofika hospitali, wengine hata huko hawakufundishwa. Hilo linaniuma kuliko ada yote niliyolipa.

Yule mwalimu mzee alikuwa na mfano wake kila tukilalamika kuhusu mashine. Alikuwa anasema mnakumbuka 2016, ile mashine ya kobalti ya Mulago ya kutibu kansa, moja tu nchi nzima, ilipokufa wagonjwa wakabaki hawana pa kwenda, waliobahatika wakapelekwa Nairobi, mpya ikaja kuzinduliwa 2018. Anasema mashine haifi siku moja, inakufa kidogo kidogo, watu wakiangalia. Aliwaambia na wakubwa wa chuo, tulimsikia.

Praktiko ndiyo iliyoniokoa, na hapa ndo kila mwanafunzi ana hadithi tofauti kwa sababu inategemea umepelekwa wapi.

Ya kwanza ilikuwa hospitali kubwa Kampala, majina siyataji, na ilikuwa kupoteza wakati kusema kweli. Vyuo vinne vimeleta wanafunzi pamoja, tumejaa kwenye chumba kimoja kama teksi ya jioni, anayebonyeza ni mmoja, waliobaki wanaangalia mgongo wa aliye mbele. Wiki sita nilipiga picha chache sana, kwenye logibuku, daftari la kazi ulizofanya, nilikuwa naandika "nimeangalia, nimeangalia, nimeangalia". Kuna wenzangu walijaza uongo ili zitimie, mi siwezi kuwalaumu, lakini ukijaza uongo kwenye logibuku unajidanganya wewe na yule mgonjwa wa kesho.

Ya pili walinipeleka hospitali ya rufaa huku mashariki na nikalia, nilikuwa nataka Kampala. Mungu anajua kupanga. Idara ya watu watatu, wagonjwa wanapanga foleni toka saa moja asubuhi, na supavaiza wangu mama mmoja mtu mzima tulikuwa tunamwita Mama Picha, hana maneno mengi. Siku ya kwanza akaniambia binti, kifua hiki, piga. Nikapiga. Akaangalia skrini akanivutia kiti nikae. Akaniuliza mifupa ya mabega iko wapi? Iko juu ya mapafu. Kwa nini? Kwa sababu sikumwambia mzee ashike kiuno na alete viwiko mbele. Akaniuliza hesabu mbavu za nyuma. Nikahesabu nane. Akasema huyu mzee hakuvuta pumzi, wewe ulimwambia vuta ukabonyeza hapohapo hukumngoja, mbavu kumi ndo tunataka. Akaniuliza kulia ni wapi. Nilikuwa nimesahau kuweka herufi, ile R ya madini ya risasi inayoonyesha upande wa kulia. Akanyamaza, akaniambia moyo wa watu wengine uko kulia, ukisahau herufi daktari atajuaje. Halafu hakuifuta ile picha. Alifungua daftari la picha zilizokataliwa akanipa kalamu niandike jina langu na sababu tatu. Baada ya hapo ndo akanipeleka kwa yule mzee tumwombe radhi tumpige tena, kwa heshima, na kumweleza kosa ni letu si lake.

Lile daftari ndilo lililonifanya radiografa. Wiki ya kwanza jina langu limejaa. Wiki ya nane limebaki moja moja.

Huko nilijifunza na vitu ambavyo hakuna kitabu kitakuambia. Asubuhi usianze na picha kubwa, iwashe tyubu taratibu ipate joto, maana ndani asilimia 99 ya ile nguvu inageuka joto na asilimia moja tu ndo inakuwa eksirei, ukiishtua ikiwa baridi sahani ya ndani inapasuka na mkoa mzima unakosa mashine. Umeme ukikatika katikati usirukie kuwasha. Boda zikigongana jioni wanaletwa watatu kwa pamoja, anza na yule asiyepiga kelele. Mguu uliovunjika paja usiuinue wewe peke yako, usiuzungushe kupata picha nzuri kama ya kwenye kitabu, zungusha mashine. Mtoto akishikiliwa ashikiliwe na mzazi, mzazi avae aproni, na kama ni mama muulize kwanza kama ana mimba, muulize pembeni, usimuulize mbele ya mumewe na mama mkwe. Hilo la mwisho nilikosea mara moja na sitaki kulisimulia.

Praktiko ya mwisho nikarudi Kampala, hospitali ndogo ya misheni, na hapo Kiswahili kikawa kazi. Kuna mama aliletwa toka Katwe, Mkongomani, anakohoa wiki nyingi, hajui Kiganda wala Kiingereza. Wenzangu wakamwonyesha kwa mikono avute pumzi, yeye akadhani wanamwambia akohoe, akawa anakohoa kila wakibonyeza, picha mbili zimeharibika na wanaongea kwa sauti kubwa kama vile ni kiziwi. Nikaitwa. Nikamwambia mama shikamoo, karibu, hii haiumi, nitakuomba uvute pumzi yote halafu uifunge ndani kama unayepiga mbizi mtoni, nikisema pumua ndo uachie. Akacheka kidogo. Picha ya kwanza mbavu kumi safi. Akanishika mkono akaanza kulia, akasema tangu afike hospitali hakuna aliyemweleza anafanyiwa nini, alidhani wameona kitu kibaya ndo maana wanarudia rudia. Toka siku hiyo nasema chuo chochote cha afya Uganda kifundishe angalau maneno ya pumzi, lala, geuka, usitikisike, una mimba, kwa lugha nne tano. Kiswahili tumeambiwa ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, basi kiingie na kwenye chumba cha eksirei. Kwenye kozi yetu mawasiliano na mgonjwa ni mihadhara michache tu, na kwa Kiingereza.

Kuna jambo la beji pia nalisema kwa hasira. Kila anayefanya kazi na mionzi anatakiwa avae beji ya kupima, inasomwa kila baada ya miezi kadhaa, kiwango cha juu cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi mwilini) kwa mwaka na mtu wa kawaida 1. Pesa ya beji ilikuwa kwenye orodha ya malipo ya mwaka wa kwanza, nikalipa. Praktiko ya kwanza nilienda bila beji. Tulipewa tunakaribia ya pili, baada ya wanafunzi kuandika barua na kusaini wote. Tukiuliza tunaambiwa mionzi ya wanafunzi ni kidogo. Kidogo ndiyo, lakini unajuaje ni kidogo kama hujapima?

Pesa sasa. Ada yangu ilikuwa inapita milioni moja kila muhula na hiyo si yote, kuna usajili wa mtihani wa bodi unakuja peke yake, koti, viatu, logibuku, na praktiko unajitafutia chumba na chakula, hilo hawakwambii vizuri mwanzoni na ndilo lililomchosha mama. Nikiwa huko mashariki nililala kwa shangazi la sivyo nisingeweza. Hosteli ya chuo ilikuwa sawa, maji yapo, sina la kusema. Maktaba vitabu vizuri lakini vichache, foleni.

Ukimaliza unajisajili na Allied Health Professionals Council, baraza linalosimamia kada kama yetu, bila hiyo huajiriki, fanyeni mapema makaratasi yasiwacheleweshe. Kazi zipo lakini si kama wanavyowaambia siku ya usaili. Serikalini nafasi inangojwa. Kliniki nyingi za mijini zinataka mtu mmoja afanye eksirei na altrasaundi, na altrasaundi ya diploma ni ya juu juu, utahitaji kuongeza, kuna chuo cha Ernest Cook pale Mengo wanaofundisha hiyo hasa. Anayetaka digrii Makerere wanayo, na mi nikipata nguvu ndiko nielekee, siti skani nimeigusa kidogo sana na emmarai (MRI) nimeiona kwa kioo tu.

Kwa hiyo kozi naipa tano kwa tano, na ningeichagua tena leo. Chuo nakipa mbili na nusu, na hizo mbili ni za yule mwalimu mzee.

Binamu yangu amemaliza S.6 mwaka jana anataka kozi hiihii, na juzi nilipanda naye Kampala kutembelea chuo kingine. Walitupokea vizuri, wakatuonyesha madarasa, kompyuta, uwanja. Nikasema asante sana, sasa tunaomba kuona chumba cha eksirei. Kikafunguliwa. Nikamwomba yule dada tafadhali iwasheni. Akashangaa, akaenda kumwita mwalimu, tukangoja kama nusu saa. Mwalimu akaja, hakukasirika, akawasha, akatupigia fantomu ya mkono mbele yetu tukiwa nyuma ya kioo na picha ikatokea kwenye skrini. Nikamuuliza wanafunzi wanapelekwa hospitali zipi na wanakuwa wangapi kwa mashine moja, akatoa daftari akatuonyesha. Nikauliza beji zinatolewa lini, akasema kabla ya praktiko ya kwanza, na akavua yake shingoni akampa binamu aishike. Lile swali la lugha ndo hakuwa na jibu, akaliandika. Binamu alijaza fomu palepale.